Gemu ya besiboli isiyokushangaza inakudanganya

Msomaji, kama umewahi kucheza gemu ya umeneja wa soka, tabia yetu unaijua. Unafungua gemu, hata akiba ya klabu hujaangalia, tayari uko sokoni unatafuta madogo wa miaka 17 wenye nyota 5. Unanunua wanne, unawaweka benchi misimu miwili, kisha unakaa ukingoja wawe mabingwa wa dunia. Na wanakuwa! Lazima wawe, kwa sababu gemu ilishaandika hivyo kabla hujabonyeza chochote. Jirani yako amewanunua haohao. Binamu yako kule Kisumu pia.

Wakongwe wa gemu, wale waliokuwa wakilipa shilingi moja kwa dakika pale saiba, watakukumbusha Freddy Adu. Huyo dogo wa Marekani alitia saini mkataba wa kulipwa mwaka 2003 akiwa na miaka 14. Ndani ya Championship Manager ya wakati huo alikuwa mfalme mtarajiwa, na ukimnunua mapema alikubebea vikombe. Nje ya skrini mambo yalikuwa mengine. Alizunguka klabu za Ureno, Ufaransa, Ugiriki, Uturuki na hata Brazil, na ule ufalme haukuja.

Leo nataka tuongee jambo hilohilo, lakini kupitia mchezo ambao wengi wetu hatuutazami: besiboli. Usikimbie, kuna sababu. Hakuna mchezo uliohesabiwa kama besiboli, na sijaona gemu zilizohangaika na suala la umri kama gemu za besiboli. Msimamo wangu nauweka hapa juu usije ukautafuta chini: gemu inayokuonyesha kijana wa miaka 19 atakuwa nani akifika 27, halafu ikamfikisha hapo bila kukosea, haina uhalisia wowote. Ni uongo wenye michoro mizuri. Na sisi vijana ndio tunafaa kuwa wa kwanza kuukataa.

Kadi zisizozeeka

Kwa asiyejua besiboli, kumbuka rounda ya shule ya msingi. Sasa mpe kila mtu glavu, mpe mpigaji gongo, na mrushaji arushe mpira kwa kasi inayoweza kupita kilomita 150 kwa saa, kasi ambayo ukiiendesha Thika Road utaelezana na polisi. Ligi kuu ya Marekani, MLB, ina timu 30, na kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu. Kila mpira unaorushwa unaandikwa. Ukizidisha hayo kwa zaidi ya miaka 100, unaelewa kwa nini watu wa namba wanaupenda mchezo huu kama sisi tunavyopenda chapo madondo.

Gemu za kuiga ligi hiyo zilianza kabla ya kompyuta za nyumbani. Mwaka 1961 Hal Richman alianza kuuza Strat-O-Matic, gemu ya kadi na kete. Kila mchezaji ana kadi yake, na kadi hiyo imebeba msimu mmoja ambao tayari ulichezwa. Ukicheza nayo leo, ukicheza nayo miaka 20 ijayo, jamaa ni yuleyule. Hachoki, hakui, hana mgongo unaomuuma. Ni gemu tamu, lakini ni kama picha ya harusi ukutani.

Kisha mwaka 1999 Mjerumani aitwaye Markus Heinsohn akatoa Out of the Park Baseball, ambayo mashabiki huiita OOTP. Humo miaka inasonga. Unaweza kuanza ligi mwaka 1871, ukaendesha misimu 50 au 100, na kizazi baada ya kizazi kinapita mbele ya macho yako. Dogo anachaguliwa, anakua au hakui, anaumia, anazeeka, anastaafu. Wale wa PlayStation mna MLB The Show, ambayo nayo humpa kila kijana alama ya herufi kuonyesha anatarajiwa kufika wapi.

Pindi miaka inapoanza kusonga, programu inabanwa na swali moja gumu: mtu huzeeka vipi?

Mlinzi wa usiku na namba 27

Kwa muda mrefu watu wa besiboli waliamini kwamba mchezaji huwa kwenye ubora wake kati ya miaka 28 na 32. Aliyewavuruga ni Bill James, jamaa wa Kansas aliyeanza kuandika kuhusu takwimu za besiboli akiwa mlinzi wa usiku kwenye kiwanda cha maharagwe ya kopo. Soja, bana. Kwenye kitabu chake cha mwaka 1982 aliwapanga wachezaji kwa umri na kuonyesha kwamba kilele cha wapigaji kiko karibu na miaka 27, na kwamba wengi hufika 32 wakiwa tayari wanateremka.

Namba hiyo 27 iliingia kichwani mwa kila mtu, na mwisho ikaingia kwenye gemu. Lakini kusema "kilele ni 27" halafu ukanyamaza ni ugali bila mboga. Mwili hauzeeki wote kwa siku moja. Miguu hutangulia: kasi ya kukimbia huwa juu mapema kwenye miaka ya 20, na baada ya hapo ni kushuka polepole. Kasi ya mpira wa mrushaji nayo huanza kupungua mapema kuliko unavyodhani. Nguvu ya kuvusha mpira nje ya uzio hukomaa baadaye, kuelekea mwisho wa miaka ya 20. Na jicho, yaani ule utulivu wa kuacha mpira mbaya upite bila kuupiga, linaweza kuendelea kunoleka hata baada ya 30.

Kwa hivyo mpigaji wa miaka 34 si yule wa miaka 24 aliyekatwa asilimia fulani. Ni mtu mwingine kabisa. Hakimbii kama zamani, lakini anasoma mpira kabla haujafika. Mrushaji aliyepoteza kasi anajifunza kumchanganya mpigaji kwa kona na mabadiliko ya mwendo. Jamie Moyer hakuwahi kusifika kwa kasi, na Aprili 2012 alishinda mechi ya ligi kuu akiwa na miaka 49. Arobaini na tisa! Wenzake aliokua nao walikuwa nyumbani wakichoma nyama.

Gemu mbovu huzichukua namba zote za mchezaji na kuzikata pamoja kila siku yake ya kuzaliwa, kama makato ya kwenye payslip. Gemu nzuri huacha kila kipaji kizeeke kwa mwendo wake. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuangalia kabla hujatoa pesa zako.

Matatu zilizobaki barabarani

Jambo la pili ni la hesabu, lakini nitalipitisha stejini.

Tuseme umesimama pale Railways unataka kujua matatu za zamani zina hali gani. Unaangalia zile za miaka 20 zinazopita, unaona zinakwenda vizuri tu. Unahitimisha: kumbe matatu hazichakai! Lakini zile zilizochakaa hazipiti pale. Zilishauzwa kwa vyuma kuukuu. Wewe umehesabu zilizobaki tu.

Ndivyo ilivyo kwa wachezaji. Wenye miaka 38 walio bado ligini ni wale ambao hawakuporomoka. Ukichukua wastani wao utadhani uzee si kitu. Watu wa takwimu waligundua mtego huo, wakaanza kumlinganisha mchezaji na nafsi yake: huyu mwaka huu dhidi ya huyuhuyu mwaka jana. Hata hapo mtego haujaisha, kwa sababu anayeporomoka sana mwaka huu hapewi mwaka unaofuata wa kumlinganisha nao.

Tom Tango, mmoja wa wataalamu hao, alitengeneza mfumo wa kukadiria msimu ujao wa mchezaji na kuuita Marcel, jina la yule tumbili wa kipindi cha Friends. Alimaanisha kwamba hata tumbili anaweza kuutumia. Unachukua misimu 3 iliyopita, unaipa uzito wa 5, 4 na 3 kuanzia wa karibuni, unamvuta mchezaji kidogo kuelekea wastani wa ligi, kisha unaangalia umri: chini ya 29 unamwongezea kidogo, juu ya 29 unampunguzia kidogo. Basi. Na mfumo huo mwepesi umekuwa ukiitoa jasho mifumo mingine yenye hesabu nzito.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye ugomvi wangu. Marcel anafanya kazi nzuri kwa umati. Ukimpa wachezaji 300, kwa jumla hatapotea sana. Ukimpa mmoja, anaweza kukosea vibaya kabisa. Mstari wa umri ni ukweli kuhusu kundi. Haujawahi kuwa ukweli kuhusu mtu mmoja mwenye jina lake.

Watu walioharibu grafu

Chukua Sandy Koufax, mrushaji wa Dodgers. Misimu yake 6 ya kwanza, 1955 hadi 1960, alishinda mechi 36 na kupoteza 40. Gemu yoyote ya leo ingempa nyota 2 na wewe ungemwachilia bila kufikiria. Kisha akawa mmoja wa warushaji hatari zaidi waliowahi kuonekana. Mwaka 1966 alishinda mechi 27, halafu akastaafu akiwa na miaka 30, kwa sababu kiwiko kilikuwa kimeharibiwa na baridi yabisi. Grafu gani ingechora hiyo? Alichelewa kupanda, na alipofika kileleni hakuteremka, aliondoka.

José Bautista naye mwaka 2004 peke yake alivaa jezi za timu 4 za ligi kuu, anarushwa huku na huku kama sarafu mbovu. Hadi mwisho wa 2009 hakuwa amewahi kuvusha mpira nje ya uzio zaidi ya mara 16 kwa msimu. Akabadilisha jinsi anavyoanza kuzungusha gongo, akawa anaanza mapema zaidi. Mwaka 2010, akiwa na miaka 29, alivusha mara 54.

Upande wa pili kuna Albert Pujols. Misimu 11 pale St. Louis, wastani wa .328, yaani kwa kila zamu 1,000 za kupiga alipata mapigo 328, kiwango cha miungu wadogo. Mwisho wa 2011, akielekea kutimiza miaka 32, Angels walimpa mkataba wa miaka 10 wa dola zipatazo milioni 240. Wastani wake pale ulikuwa .256. Mei 2021 wakamwachilia kabla hata mkataba haujaisha. Hadi hapo grafu inashangilia, inasema "si niliwaambia?" Lakini mwaka 2022 alirudi St. Louis akiwa na miaka 42, akavusha mpira mara 24, na kustaafu akiwa na jumla ya 703. Grafu ikanyamaza.

Miguel Cabrera hakuteremka ngazi kwa ngazi. Mwaka 2016, akiwa na miaka 33, alivusha mara 38 na wastani wake ulikuwa .316. Mwaka uliofuata ulikuwa .249 na mara 16. Ni kama mtu aliyekosa ngazi usiku stima zikiwa zimepotea. Justin Verlander alifanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2020, umri ambao wengi hawarudi, na mwaka 2022 akiwa na miaka 39 akachukua tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora wa ligi yake. Buster Posey alimaliza 2021 na wastani wa .304 akiwa na miaka 34, kisha akaaga, akaenda kukaa na familia. Gemu zetu hustaafisha watu namba zao zikiisha. Posey hakuishiwa namba, alikuwa na maisha mengine.

Na hata huo umri wenyewe, unaujuaje? Mwaka 2008 Miguel Tejada, aliyekuwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 2002, alikiri kwamba ana miaka 2 zaidi ya ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Alipokuwa akitafuta mkataba kule Jamhuri ya Dominika alisema ana 17 ilhali alikuwa na 19. Sisi tuliokulia kwenye mashindano ya mitaani tunacheka tu, tunawajua kina "chini ya miaka 15" wenye ndevu. Lakini fikiria maana yake kwa gemu: skauti wa kweli hana hakika hata ya namba ya kwanza kabisa, na gemu inakupa siku ya kuzaliwa kama andiko takatifu.

Kete zenye uzito

Turudi kwenye OOTP, kwa sababu humo unaweza kugusa mambo haya kwa mkono wako. Kuna mahali pa kuweka kasi ya kukua na kasi ya kuzeeka, wapigaji kivyao na warushaji kivyao. Kuna kuamua skauti wako wakosee kiasi gani, au uwazime kabisa ili uone ukweli mtupu. Na kuna namba moja inayoamua vipaji vibadilike ghafla kiasi gani, ambayo kwa kawaida inakuja ikiwa 100. Ukiishusha, madogo wanafuata njia waliyoandikiwa. Ukiipandisha, shujaa wa leo anaweza kuamka kesho akiwa mtu wa kawaida, na yule uliyemsahau akalipuka.

Nawajua wasee wanaoishusha hadi karibu na sifuri. Malalamiko yao ni haya: nimemchagua dogo kwa raundi ya kwanza, nimemlea misimu 4, halafu gemu inaniua bila sababu. Haki iko wapi? Ni swali zuri, na sitalidharau. Bahati nasibu tupu nayo si uhalisia. Kama kila mtu anaweza kuwa chochote wakati wowote, basi hiyo ni kasino iliyovaa kofia ya besiboli, na tayari mtaani kasino tunazo za kutosha kwenye simu.

Jibu langu ni kwamba kete ziwepo, lakini ziwe na uzito. Dogo anayekaa benchi mwaka mzima asikue sawa na anayecheza kila siku. Aliyepandishwa ligi ngumu kabla ya wakati aweze kuvunjika moyo, au kuiva haraka. Mkono ulioumia mara mbili usirudi kama mpya. Kocha mzuri awe na maana. Na baada ya hayo yote kuhesabiwa, ibaki nafasi ya jambo ambalo hakuna aliyeliona likija, kwa sababu hata maisha huibakisha.

Brien Taylor alichaguliwa wa kwanza kabisa na Yankees mwaka 1991 na kupewa dola milioni 1.55 kutia saini. Desemba 1993 aliumia bega kwenye ugomvi, nje ya uwanja, na hakuwahi kucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Mark Appel alichaguliwa wa kwanza na Astros mwaka 2013, akaumia, akaacha mchezo mwaka 2018, akarudi, na Juni 2022 akarusha mpira wake wa kwanza kwenye ligi kuu akiwa na miaka 30. Hao wawili walikuwa namba moja. Ukiondoa kete kwenye gemu, umewafuta wote wawili.

Grafu ikigeuka sheria

Utaniambia, si ni gemu tu, mbona unatoa jasho? Kwa sababu timu za kweli nazo sasa zinacheza kama sisi. Zina vyumba vizima vya watu wa takwimu, na wanachokijua kuhusu umri wanakitumia kwenye mifuko ya watu.

Angalia mpango wenyewe. Mchezaji wa MLB hawi huru kujiuza popote hadi atimize miaka 6 ya utumishi ligini. Akiingia na miaka 24, uhuru unamkuta akiwa na 30. Miaka ile ambayo Bill James alituambia ndiyo ya kilele, anailipiwa kidogo kuliko anachozalisha. Akifika sokoni, timu inamwonyesha grafu: pole sana kaka, wewe sasa unateremka. Zamani walau timu zililipa kwa ajili ya jana, kama Angels kwa Pujols. Zilipoamka, mchezaji akabaki amenaswa katikati. Malipo ya vijana yalikuwa moja ya mizozo mikubwa wamiliki walipowafungia wachezaji nje kwa siku 99, kuanzia Desemba 2021 hadi Machi 2022.

Kuna jingine linaloniuma zaidi. Hadi 2019 vijana walikuwa wakichaguliwa kwa raundi 40 kila mwaka. Tangu 2021 ni raundi 20. Mwaka huohuo timu za ligi ndogo zilizounganishwa na MLB zilipunguzwa kutoka 160 hadi 120. Sababu zilikuwa nyingi, gharama ikiwemo, lakini wazo la chini yake ni hili: tunaweza kujua mapema nani hafai, kwa nini tumlishe?

Sasa kutana na Mike Piazza. Mwaka 1988 Dodgers walimchagua raundi ya 62, akiwa mtu wa 1,390 kwenye orodha. Na hata hapo ilikuwa kama fadhila, kwa sababu meneja wao Tommy Lasorda alikuwa rafiki wa babake. Mwaka 2016 aliingia kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli. Kwa utaratibu wa leo, jina lake lisingesomwa kabisa.

Sitakuuzia ndoto hapa. Wengi waliochaguliwa kwenye raundi hizo za mbali hawakufika popote, na hiyo ndiyo hesabu. Lakini mlango wao ulikuwa wa bei rahisi. Kabla ya mkataba wa wafanyakazi wa mwaka 2023, kijana wa ngazi ya chini kabisa alikuwa akilipwa kama dola 4,800 kwa mwaka. Baada ya chama kuingia, ikawa 19,800. Kwa klabu inayompa mtu mmoja mamilioni ya dola, kumpa dogo muda wa kukua ni chenji.

Sasa sisi je?

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipomshinda mzee. Tangu siku hiyo nimekutana na grafu nyingi kuliko mchezaji wa besiboli. Kuna ya shangazi: digrii 22, kazi 24, ndoa 27, ploti 30. Kuna ya matangazo ya kazi, inayotaka mtu asiyezidi miaka 25 mwenye uzoefu wa miaka 5. Kuna ya mitandaoni, ambako kila mtu aliyefaulu alifaulu akiwa na 19. Hata Katiba yetu ina yake: kifungu cha 260 kinatuita vijana kuanzia miaka 18 hadi kabla ya kutimiza 35. Angalau hiyo ni mpole kuliko Bill James.

Sisemi umri si kitu. Miguu huchoka, na karo isiyolipwa ina matokeo yake. Ninachokataa ni mtu kuchukua wastani wa kundi na kunibandika usoni kama kitambulisho. Na ninajua kwamba tabia hiyo tunaizoea taratibu. Tukikaa saa 200 mbele ya gemu inayotuonyesha kwamba thamani ya mtu imeandikwa akiwa na 17, tukawauza walio na 31 bila kuwatazama, tukarudisha gemu nyuma kila dogo wetu anapokwama, basi tutakapokuwa sisi ndio tunaajiri, tutaajiri vivyo hivyo.

Kwa hivyo ombi langu kwa watengenezaji ni dogo. Acheni kutuonyesha kilele cha mtu kama namba moja. Tuonyesheni upana: huenda akawa huyu, huenda akawa yule, na skauti wetu hana hakika. Kila kipaji kizeeke kivyake. Wenye miaka 29 waruhusiwe kujifunza kitu kipya. Na mwacheni mtu astaafu kwa sababu zake.

Na kwako wewe msomaji, ukianzisha ligi wikendi hii, iache ile namba kwenye 100. Wawashe skauti na wakosee. Dogo wako wa raundi ya kwanza akiharibika, usirudishe gemu nyuma, endelea naye hivyohivyo uone atakuwa nani. Kisha nenda chini kabisa ya orodha, chukua kijana mmoja ambaye gemu imempa nusu nyota, na umpe mechi za kila siku hadi afike 26 kabla hujamwachilia. Huenda asiwe kitu. Lakini wewe ndiye utakayekuwa umemtazama, si grafu.